Saa Arobaini na Mbili Zilizofutwa

Wagonjwa ndio waliompa jina la Daktari Mdogo, wala hawakumtusi. Alikuwa mfupi kweli, kiti cha chumba namba tatu ilibidi kipandishwe mpaka mwisho ndipo aone juu ya kompyuta. Tena alikuwa bado mwanafunzi, kwa maana ile ya ajabu ya udaktari, ambapo mtu ana miaka thelathini na minne, ana mtoto wa miaka minne, ametibu watu miaka saba, na bado anaitwa mwanafunzi kwa sababu anasomea udaktari wa familia. Masomo yenyewe ni miaka mitatu. Yeye alikuwa amebakiza wiki tano, na katika wiki hizo tano alikuwa amebakiza zamu moja tu ya nje.

Zamu za nje ndivyo walivyofupisha zamu za nje ya saa za kazi: Jumamosi, Jumapili na sikukuu, wakati vituo vingine vyote vya afya vimefungwa na kila mwenye homa, kidonda, presha au mtoto asiyenyamaza anakimbilia kliniki moja. Kanuni ilisema kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu afanye saa tisini za namna hiyo, yaani zamu kumi na tano za saa sita sita, na kila zamu iwe chini ya daktari msimamizi aliyemo ndani ya jengo. Zamu ikiisha, msimamizi anaandika maoni yake kwenye kijitabu cha kijani na kutia saini. Saa tisini zisipotimia, cheti hakitoki.

Na cheti kilikuwa kinasubiriwa. Mumewe alikuwa mpimaji ardhi katika mji mwingine, akija nyumbani mara moja kwa mwezi na mfuko wa nguo chafu na vijizawadi vya kumhonga mtoto asimsahau. Hospitali ya mji huo ilikuwa imempa Daktari Mdogo kazi, kwa sharti aripoti tarehe mosi, cheti mkononi. Mama mkwe wake, mshonaji mstaafu aliyeishi nao na kumlea mjukuu, alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwenye maboksi, kila boksi ameliandika kwa chaki yake ya kukatia nguo.

Saba kati ya zamu zake kumi na tano alipangiwa chini ya daktari mmoja ambaye wanafunzi walimwita, akiwa hayupo, na mara nyingi hakuwepo, Daktari Nipigie.

Alikuwa mtu wa bashasha, mrefu wa kutosha, ananukia sabuni nzuri. Alifika saa mbili kamili asubuhi, akamsalimia kila mtu, akamuuliza karani hali ya mama yake, akatia saini daftari la mahudhurio, akachungulia chumba hiki na kile. Haijafika saa tatu, funguo za gari zilikuwa mkononi. "Mnaendelea vizuri? Mkikwama, nipigie." Kisha huyo, kwenda hospitali yake binafsi upande wa pili wa mji, alikokuwa na wagonjwa wake mwenyewe wa Jumapili. Saa saba na nusu alirudi kutia saini. Kila mwanafunzi alimwandikia maneno yaleyale: ana juhudi, anajituma. Hakuna aliyemchukia. Wanafunzi walimcheka kidogo, wakafumba macho, wakahesabu saa zao.

Daktari Mdogo naye alifumba. Katika zamu sita za kwanza alimpigia mara mbili tu, na mara zote mbili akajibiwa kwa haraka ya mtu aliyeshika kitu kwa mkono wa pili.

Jumapili ya zamu ya kumi na tano, Daktari Nipigie aliondoka saa tatu kasoro dakika kumi. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa mpaka watu wamekalia kingo za madirisha. Saa nne na robo karani aligonga mlango wa chumba namba tatu, asingoje kujibiwa, akasema kuna dada ameanguka kwenye foleni.

Alikuwa msusi wa miaka ishirini na sita, kaletwa na dada yake mkubwa. Tumbo la chini lilimuuma tangu alfajiri. Walipomlaza kitandani akaanza kulalamikia bega, na dada yake akashangaa, tumbo ndilo linalouma, bega limeingiaje. Daktari Mdogo hakushangaa, akamshika mikono. Viganja vya msusi vilikuwa vya baridi na vimelowa, kope kwa ndani nyeupe kama karatasi. Mapigo ya moyo mia moja thelathini na nne. Presha themanini kwa hamsini.

"Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Msusi alimtazama dada yake kwanza. "Zimechelewa wiki mbili," alisema.

Kipimo cha mimba kilitoa mistari miwili. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka; damu ilikuwa ikimwagikia tumboni, na ndiyo iliyokuwa ikilisumbua bega lile kutoka ndani. Daktari Mdogo na muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyeitwa na wote Sista, waliweka dripu mbili, mkono huu na huu, sindano nene kuliko zote walizokuwa nazo. Msusi alihitaji chumba cha upasuaji, na kliniki ile haikuwa hata na chumba cha kushonea vidonda chenye taa nzima.

Alimpigia msimamizi wake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena huku Sista akiibana mifuko ya dripu iteremke upesi. Akapiga mara ya tatu. Mara ya nne mtu aliipokea, zikasikika sauti za watu na mlio wa vyombo, kisha ikakatwa. Ya tano haikuita kabisa.

Akapiga kituo cha magari ya wagonjwa.

"Jina la daktari msimamizi?" aliuliza wa upande wa pili.

"Hayupo. Andika langu."

"Wewe si mwanafunzi? Jina lako liko kwenye orodha ya wanafunzi. Fomu hainiruhusu kuendelea bila msimamizi."

"Ndugu yangu, nina mtu hapa anavuja damu tumboni."

"Nakuelewa, daktari. Ni fomu."

"Basi andika jina langu pale pa msimamizi," alisema, na sauti yake ilitoka taratibu kiasi kwamba Sista aligeuka kumtazama. "Chini yake andika kwamba nimekulazimisha. Wakiuliza, watanitafuta mimi."

Upande wa pili zikasikika herufi zikibonyezwa. Gari lilifika baada ya dakika ishirini. Sista ndiye aliyepanda na mgonjwa, kwa kuwa Daktari Mdogo hangeweza kuondoka: nje kulikuwa na watu thelathini na mmoja na daktari mmoja. Akarudi chumba namba tatu kumtazama mtoto mwenye masikio yanayotoa usaha.

Sista alirejea saa saba na taarifa. Msusi amefunguliwa tumbo, wametoa damu lita moja na nusu, yuko hai. Dada yake amekaa sakafuni nje ya chumba cha upasuaji, hataki kiti.

Nusu saa baadaye akaingia Daktari Nipigie, ananukia sabuni.

"Nimesikia mmekuwa na mambo," alisema. "Hongera, mdogo wangu. Kazi safi sana."

"Nilikupigia mara tano, daktari."

"Nilikuwa kwenye upasuaji, simu iko kwenye koti. Si unajua tena. Lete kijitabu."

Aliandika kwa mwandiko wake wa kulala, akamrudishia asome. Ana juhudi. Anajituma. Aligundua mimba ya nje ya kizazi na kumhudumia mgonjwa ipasavyo chini ya usimamizi wangu. Daktari Mdogo aliyasoma yale maneno manne ya mwisho mara mbili.

"Hili siwezi kuliacha lilivyo," alisema.

"Lipi?"

"Hukuwepo."

Daktari Nipigie aliusukuma mlango ukajifunga, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Dada, nisikilize. Mimi hapa nakusaidia wewe. Nikiandika sikuwepo, zamu yako haihesabiwi. Nani anaumia? Mimi nina vyeti vyangu ukutani miaka ishirini sasa."

Ukurasa ule ulikuwa na sehemu ya maoni ya mwanafunzi, ambayo kila mtu aliijaza neno moja, nimejifunza, basi. Daktari Mdogo alichukua kalamu. Aliandika kwamba msimamizi aliondoka saa tatu kasoro dakika kumi, kama kawaida yake, akarudi saa saba na nusu. Kwamba alipigiwa simu mara tano. Kwamba gari la wagonjwa liliitwa kwa jina la mwanafunzi. Akaandika na saa za kila simu.

Daktari Nipigie aliusoma ukurasa. Bashasha ilimtoka usoni kama mtu aliyevua miwani. "Umeandika kwa wino," alisema.

"Ndiyo."

"Basi saini yangu hutaiona hapo." Akaondoka bila kuifunga kalamu yake.

Siku ya tatu Daktari Mdogo aliitwa ofisi ya mafunzo. Mratibu alikuwa mama nadhifu, miwani ameitundika shingoni kwa uzi wa shanga, mezani mafaili yamepangwa kwa rangi. Alimkaribisha vizuri, akamuuliza mtoto hajambo, kisha akakifungua kijitabu cha kijani.

"Hizi saa sita hazihesabiwi. Kanuni inataka msimamizi awepo, nawe umeandika mwenyewe kwamba hakuwepo."

"Hilo nimelikubali, mama. Naomba nipangiwe zamu nyingine moja."

"Ingekuwa moja ningekupangia leo." Mratibu aliweka kidole kwenye mstari. "Hapa umeandika 'kama kawaida yake'. Ina maana na zile zamu sita za nyuma hakuwepo. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi nazo si halali. Saba mara sita, arobaini na mbili."

Daktari Mdogo alipiga hesabu. Arobaini na mbili. Katika saa tisini alibakiwa na arobaini na nane. "Kwa hiyo kosa lake nalilipa mimi."

"Kanuni ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Na mara sita zote hukusema."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma vibaya zaidi kwa kuwa lilitoka kwa mtu aliyekaa ofisini miaka yote hiyo akipokea vijitabu vyenye maneno mawili yaleyale kwa kila mwanafunzi asijiulize chochote.

Mratibu alivua miwani. "Mwanangu, mimi si adui yako. Vijitabu vipya ninavyo kabatini. Chukua kimoja, nakili kurasa zako, huo wa mwisho uandike bila maneno ya kwamba hakuwepo. Atatia saini, nimeongea naye. Nipe jibu kufikia Ijumaa. Tarehe mosi utakuwa kwa mume wako."

Alikibeba kijitabu kipya nyumbani kwenye mkoba, na njia nzima alikihisi kama kitu alichoiba.

Mama mkwe alikuwa akipindia pindo la sketi ya mjukuu. Alisikiliza habari yote mwanzo hadi mwisho pasipo kuinua macho, sindano ikienda na kurudi.

"Ngoja nielewe," alisema. "Wewe ulikuwepo. Anayelipwa kukuangalia hakuwepo. Mgonjwa amepona. Na mwenye kosa ni wewe."

"Kanuni inasema—"

"Sijauliza kanuni, mwanangu. Nimeuliza nani alikuwepo." Alikata uzi kwa meno. "Mume wako anasemaje?"

Mumewe alikuwa amekaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akasema, fanya unavyoona. Sauti ya mtu aliyeshalipia kodi nyumba ya vyumba vitatu.

"Huyo niachie mimi," alisema mama mkwe. Akanyanyuka, akaenda kwenye boksi lililoandikwa JIKO, akalifungua, akaanza kutoa sufuria. Daktari Mdogo akamuuliza anafanya nini. "Miezi yote tutakayokaa hapa tutapikia nini?" alijibu. Daktari Mdogo hakumwambia kwamba alikuwa bado hajaamua. Labda alikuwa ameshaamua, na mwenzake ameliona mapema.

Alhamisi aliwakusanya wanafunzi wenzake kwenye chumba cha chai. Walikuwa kumi, na wote walishafanya zamu chini ya Daktari Nipigie. Aliandaa barua ya mistari mitano ya kuomba suala lile lichunguzwe na saa za wanafunzi zilindwe. Barua ilizunguka meza nzima na kurudi kwake nyeupe chini kama ilivyoondoka.

Mwenzake waliyemwita Mrefu, ambaye ndiye aliyekuwa rafiki yake wa karibu, alimfuata koridoni. "Umetuchomea nyumba tukiwa ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Wakifungua kijitabu chako watafungua na vyetu. Mimi nina zamu nne naye. Mke wangu anajifungua mwezi ujao. Wote tuumie kwa ajili ya ukweli wako?"

"Wangu peke yangu? Zamu ya sikukuu nani alikaa na mzee wa pumu saa mbili nzima, simu haipokelewi? Ulinisimulia mwenyewe."

Mrefu alitazama viatu vyake. "Alipona yule mzee," alisema.

"Sijasema hakupona."

Ijumaa Daktari Mdogo alikirudisha kijitabu kipya kikiwa kitupu, pamoja na barua ya kuomba kusikilizwa na kamati ya mafunzo. Ilikuwa na saini moja.

Kamati ilikaa baada ya siku kumi na moja: watu watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji, mwenyekiti profesa wa kike mwenye mvi zilizokatwa fupi. Daktari Nipigie alikuja na suti. Alieleza kwamba siku zote alikuwa "anapatikana", na kwamba kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa tatu nafasi ya kujitegemea ni mbinu ya ufundishaji. Siku ile moja simu ilikuwa mbali naye, na analisikitikia hilo.

Daktari Mdogo hakuwa na mbinu. Alikuwa na picha za daftari la geti. Mlinzi wa kliniki, mtu mwenye mwandiko wa mwalimu na fahari ya kutoacha gari hata moja lipite bila kuandikwa, alikuwa amemruhusu apige picha kurasa zote saba. Gari lilelile, namba ileile: kuingia saa mbili kasoro dakika tano, kutoka kabla ya saa tatu, kuingia saa saba na nusu. Mara saba. Aliziweka mezani mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alizitazama moja moja bila haraka. Mzee aliyekaa kushoto kwake akaziinamia, kisha akatabasamu.

"Kwa hiyo, daktari, umetuthibitishia wewe mwenyewe kwamba saa zako si halali," alisema. Mtu mmoja alicheka.

Kuna hasira inayomfanya mtu apayuke, na kuna ile inayomnyoosha mgongo. Hii ilimnyoosha.

"Katika zamu hizo saba nimeona wagonjwa mia moja tisini na watatu," alisema. "Nimehesabu kwenye rejista. Mnasema zamu hazikuwepo. Basi nani aliwatibu? Yule msusi alishonwa na kufunguliwa nyuzi, ana kovu. Muiteni mumwambie siku hiyo hakukuwa na zamu." Aliwatazama wote watano. "Mimi sikatai kurudia. Kama nilipaswa kufundishwa na sikufundishwa, nitarudia. Lakini mlinipa kazi mkaiita masomo. Nilipouliza masomo yenyewe yako wapi, mkaniambia hata kazi haikuwepo. Na Jumapili ijayo mmempangia mwanafunzi mwingine chini yake. Ratiba nimeiona, imebandikwa mlangoni hapo nje."

Mwenyekiti alimgeukia Mratibu. "Ni kweli? Imebandikwa?"

Mratibu alipekua mafaili yake, ya kijani, ya njano. "Ilitoka kabla ya malalamiko," alisema.

Barua ya uamuzi ilikuja baada ya wiki moja. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, viatu havijavuliwa, mama mkwe akisubiri. Saa arobaini na mbili zimefutwa na zirudiwe zote. Msimamizi ameombwa kupumzika kusimamia wanafunzi kwa miezi sita. Kamati inamshukuru mwanafunzi kwa uwazi wake.

"Soma tena hapo katikati," alisema mama mkwe.

Akasoma tena.

"Yeye apumzike, wewe urudie." Bibi yule alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetazama shati lililoshonwa mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. "Na wamekushukuru."

Vijitabu vya wenzake havikufunguliwa. Kumi wote walipewa vyeti vyao kwenye ukumbi uliopambwa kwa maua ya karatasi. Tarehe mosi ilipita, na hospitali ya mji ule ikamwandikia kwa masikitiko kwamba imechukua mtu mwingine. Mumewe alikuja Ijumaa ya wiki hiyo, ambayo haikuwa zamu yake ya kuja, akaketi kitandani na kusema alikosea kukaa kimya siku ile. Mrefu alikuja wiki iliyofuata. Alisimama nje ya mlango, akakataa kuingia. "Nilipaswa kusema," alisema. Daktari Mdogo alimjibu, "Ndiyo, ulipaswa."

Alirudi kliniki kulipa saa zake akiwa amevimba kwa hasira kuanzia getini. Msimamizi mpya alikuwa daktari mzee, mwanamke, aliyestaafu na kuombwa arudi. Sista alimwita Bibi Daktari. Alitembea kwa fimbo. Asubuhi ya kwanza aliburuta kiti mpaka kona ya chumba namba tatu, akaketi, akaiweka fimbo magotini, akanyamaza. Saa mbili zilipita. Hakutoka hata kunywa chai.

Mgonjwa wa tisa alikuwa seremala wa miaka arobaini, mtu mzima wa mwili, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi. Kichwa kinamuuma wiki ya tatu sasa. Homa hana, presha nzuri, shingo laini. Anashinda kwenye kelele za msumeno wa umeme, hanywi maji ya kutosha. Daktari Mdogo alimpa ushauri na dawa za maumivu, akamwambia akizidiwa arudi. Seremala alishukuru, akashika kofia yake.

"Umemuuliza kwa nini leo?" ilisema kona.

Daktari Mdogo aligeuka. "Samahani?"

"Kichwa kina wiki tatu. Kituo cha mtaani kwake kinafunguliwa kesho, hakuna foleni kama hii. Amekaa kwenye benchi saa tatu nzima siku ya Jumapili. Muulize kwa nini leo."

Seremala alikuwa tayari amesimama. Daktari Mdogo alimwomba akae, akamuuliza, kwa sauti tofauti na ile aliyotumia dakika moja nyuma, kwa nini amechagua kuja leo. Seremala aliizungusha kofia mkononi. Alisema Jumapili karakana imefungwa, wenzake hawatajua. Wakijua, atatolewa kwenye msumeno. Kwa sababu Alhamisi aliweka ubao mmoja akaona mbao mbili. Na Ijumaa tena. Na asubuhi akiamka anatapika, halafu anapata nafuu, anakwenda kazini.

Daktari Mdogo alichukua tochi ya macho, akainama, na safari hii alitazama nyuma ya jicho mpaka akaona alichopaswa kukiona, duara lililovimba na kupoteza kingo zake. Kulikuwa na kitu kinasukuma ndani ya kichwa cha mtu yule. Dakika tano nyuma alikuwa amemwambia anywe maji zaidi.

Gari liliitwa, kwa jina la Bibi Daktari, na hakuna fomu iliyokataa. Seremala alipoondoka, Daktari Mdogo alikwenda kwenye sinki akafungua maji na kuyaacha yatiririke.

"Unalia?" aliuliza Bibi Daktari.

"Nimekasirika."

"Kwa nini leo?" alisema yule mzee, na haikuwa mzaha.

Daktari Mdogo alifunga bomba. Miezi miwili alikuwa amekasirikia saa, saa arobaini na mbili, kama mtu aliyenyang'anywa kiwanja. Sasa ndipo alipojua alichonyang'anywa. Swali la maneno matatu, ambalo mtu mwenye uzoefu angelimwambia katika asubuhi ya kwanza, kama mtu huyo angekuwa amekaa chumbani. Mia moja tisini na watatu walipita mbele yake, na hakumuuliza hata mmoja. "Wangapi nimewarudisha nyumbani?" alisema.

"Sijui," alisema Bibi Daktari. "Wengi hawakuwa na kitu, ndivyo ilivyo. Lakini rejista ipo."

Seremala alipasuliwa kichwa wiki hiyo, uvimbe ukatoka mzima, na baada ya miezi mitatu alikuwa akipiga randa kwa mkono, msumeno bado amekatazwa. Daktari Mdogo alimaliza zamu saba, kila moja na msimamizi kwenye kona, na kila moja alitoka amechoka zaidi ya zote za mwanzo. Cheti chake alikabidhiwa dirishani na karani, pasipo maua. Alipata kazi kwenye kituo kidogo, mwendo wa saa moja kutoka kwa mumewe, na maboksi ya mama mkwe yakafungwa upya.

Kabla ya kuhama, michana minane mfululizo, alikaa na Sista na zile rejista za zamu zilizofutwa. Walitoa majina ishirini na sita yaliyowatia wasiwasi, wakawatafuta mmoja mmoja. Ishirini na mmoja walipatikana wazima. Watatu walikuwa wamehama. Wawili waliitwa wakapimwa upya, na mmoja wao, mama muuza viatu aliyepewa dawa za vidonda vya tumbo, alikutwa na kitu ambacho kingekuwa chepesi kutibiwa miezi mitano mapema. Daktari Mdogo alikwenda kwake mwenyewe kumweleza, uso kwa uso, nini hakikufanyika na ni nani aliyekuwa zamuni. Yule mama alimsikiliza, akamuuliza, "Na huyo mkubwa wako siku hiyo alikuwa wapi?" Akamwambia.

Hayo yote aliyaandika kwenye barua kwa kamati, kurasa nne. Aliomba msimamizi atie saini kila saa ya zamu, na wanafunzi wanaosema ukweli wasifutiwe kazi waliyoifanya. Miezi sita ya kupumzika imekwisha, na jina la Daktari Nipigie limerudi kwenye ratiba. Barua haijajibiwa. Kila Jumatatu, saa ya mapumziko ya mchana, Daktari Mdogo anapiga simu ofisi ya mafunzo kuuliza imefikia wapi, na kila Jumatatu anaambiwa iko mezani. Anasema asante, anaandika tarehe na jina la aliyemjibu kwenye daftari, na Jumatatu inayofuata anapiga tena.